Lori Linalozimika Likishiba

Gerejini walimwita Fundi Hebu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Lilitoka mdomoni mwake. Gari likiingia likikohoa, mafundi wenzake walikimbilia spana; yeye alianza na maneno. Hebu liwashe tena. Hebu niambie, lilianza lini ugonjwa huu? Hebu zima redio nisikie. Wateja wenye haraka walimchoka upesi, kwani mtu aliyekwama njiani hapendi kuhojiwa kama mwizi wa kuku. Waliomvumilia walirudi, na wakirudi walikuja na jamaa zao.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na kitambaa cha kichwani kilichokolea mafuta hata hakikujulikana kilianza na rangi gani. Baba yake alikuwa na kazi ya kuendesha mashine ya kusaga nafaka, yenye injini kubwa ya dizeli iliyotetemesha ukuta wa nyuma. Utotoni alitumwa kumpelekea baba chakula cha mchana na kurudi mara moja. Kwenda alikwenda, kurudi ndiyo ikawa kazi. Alichuchumaa mlangoni akiangalia bomba la moshi.

"Baba, mbona asubuhi moshi ni mweupe, halafu baadaye hauonekani?"

Baba hakujua, na hakupenda kumdanganya mtoto. "Iulize injini yenyewe," akamwambia.

Pengine alitaka tu aachwe ale kwa amani. Lakini mtoto alilichukua neno lile kama lilivyo, na hadi anapata mvi za kwanza alikuwa bado anauliza.

Aliolewa na mshonaji nguo, mtu mpole aliyezungumza na sindano mdomoni. Watu wa mtaani walitania kwamba katika nyumba ile mume anaunga na mke anafumua. Mume alicheka pamoja nao. Aliyekuwa hacheki ni mama yake. Bibi yule, mjane mwembamba aliyependa usafi kupita kiasi, aliishi nao katika chumba cha mbele, na kila jioni mkwewe alipoingia alifungua dirisha. Alifungua dirisha tu, akakaa. Fundi Hebu alijua maana yake: harufu ya dizeli. Alikwenda kuoga, akatoka ananukia sabuni, akasalimia upya kama mgeni aliyefika sasa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nimekuona."

Basi ilikuwa hivyo, miaka na miaka, hakuna ugomvi na hakuna ukaribu.

Sasa, shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa na lori dogo la dizeli aliloachiwa na marehemu baba yao. Lilikuwa la zamani kuliko ndoa nyingi za mtaani. Familia ililiita Kobe, kwa sababu halikuwa na mbio lakini lilifika. Shemeji alibebea mbao, kutoka kiwanda cha mbao kule juu mlimani hadi kwa maseremala wa mjini. Kobe lilipoanza kuzimika njiani, hakulipeleka kwa Fundi Hebu. Alilipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa soko, halafu kwa mwingine, halafu kwa mwingine tena. Mtu mzima kwenda kumwomba msaada mke wa mdogo wake! Aliona haya, na haya humfanya mtu azunguke mbuyu ilhali mlango uko mbele yake.

Mafundi wale walibadilisha chujio la mafuta. Walibadilisha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Walitoa nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, wakazipima, wakazirudisha. Kila mara lori lilitoka gerejini linaunguruma kwa furaha, na kila mara lilizimika barabarani, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Likipumzika kidogo, linawaka tena. Likienda, linasinzia tena.

Mwishowe Shemeji alitangaza, mbele ya familia nzima wakiwa mezani, kwamba Kobe lina mkosi na analiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mama yake aliweka kijiko chini. "Gari la baba yako likakatwe vipande?"

"Mama, gari la baba limenishinda. Ningefanyaje?"

Mshonaji akamtazama mkewe. Na mkewe, ambaye alikuwa amejiapiza asiingilie mambo ya shemeji yake, alihisi lile neno linampanda kooni kama chafya.

"Shemeji," akasema, "hebu niambie. Linazimika lini?"

"Likitaka."

"Hapana, hakuna gari linalozimika likitaka. Lina mzigo au halina? Linapanda au linashuka?"

Shemeji alifikiri, akakuna kidevu. "Nitakwambia kitu, na usinicheke. Linazimika likishiba."

"Likishiba?"

"Nikijaza tangi hadi juu, halifiki hata daraja la kwanza. Nikitia mafuta kidogo, linaenda weee, hadi karibu na mlima. Gari gani hilo linalozimia kwa shibe?"

Wote wakacheka, hata mama. Fundi Hebu hakucheka. Alikwisha kusikia magari yanayokufa kwa njaa, ndiyo kazi yake kila siku. La kufa kwa shibe hakuwahi kulisikia, na usiku huo mumewe alimsikia akigeuka kitandani kama samosa kwenye mafuta.

Kesho yake Kobe liliingia gerejini kwake.

Aliyoyafanya siku hiyo aliyafanya kwa uangalifu, na ndiyo maana yalimuuma baadaye. Alikwisha kuwa na wazo moja: hewa. Injini ya dizeli haipendi hewa katika mafuta yake. Ikiingia hata punje ndogo kupitia kiungo kilicholegea, pampu hushika hewa badala ya mafuta, na injini hukosa nguvu. Alikata kipande cha mpira laini unaopitisha mwanga, ule ambao macho yanaona mafuta yakipita ndani yake, akauunga kabla ya chujio. Akawasha. Akachuchumaa akitazama.

Viputo! Vidogo, vya kuhesabika, vikipita kimoja kimoja kama abiria waliochelewa.

"Nimekupata," akasema.

Alifuata njia ya mafuta kwa vidole kutoka kwenye injini kurudi nyuma. Karibu na fremu alikuta mpira mmoja umepasuka nyufa nyembamba, akaubadilisha. Alikuta kiungo kimoja kina washa, ile pete ya kuzibia, iliyochoka, akaitupa na kuweka mpya. Kwa kuwa alitaka kumaliza kazi kwa heshima, alifungua mfuniko wa tangi kwa ufunguo wa Shemeji, akauweka juu ya meza, akaimwaga dizeli yote, akalisafisha tangi, akalijaza upya. Injini iliunguruma sehemu kubwa ya siku bila kuyumba. Katika mpira ule mlikuwa na dizeli tupu, safi kama chai ya rangi. Shemeji alipofika jioni aliufunga mfuniko, akamkabidhi ufunguo na kumwambia maneno ambayo angetamani kuyameza.

"Nenda nalo popote. Limepona."

Halikufika daraja la kwanza.

Shemeji alirudi akiwa amevutwa na trekta, mbele ya wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Usijali, shemeji," akasema kwa sauti ya kumwonea huruma. "Wakubwa wameshindwa, sembuse wewe. Kesho kutwa mnunuzi anakuja."

Fundi Hebu aliinama akakusanya spana zake ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Alikuwa ameshindwa na magari mengine, fundi gani hajashindwa? Lakini hili alilitangazia kupona kabla halijatembea. Aliliuliza swali moja tu, akapata jibu moja, akaridhika. Baba yake angemcheka.

Jioni ile aliingia nyumbani bila kuoga kwanza. Mama mkwe alinyoosha mkono kwenye dirisha kama kawaida, kisha akauona uso wa mkwewe, akauacha mkono pale pale kwenye komeo.

"Limekushinda?"

"Bado, mama. Lakini kuna kitu sikielewi. Kwangu lilinguruma siku nzima. Barabarani limekufa. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale. Kwangu kulikuwa na nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Najiuliza mwenyewe, mama, ila kwa sauti."

Bibi alifikiri. "Kama mtoto anakula kwa jirani na nyumbani hali," akasema, "mama mwenye akili hamchapi mtoto. Anakwenda kwa jirani kuangalia."

Asubuhi, Fundi Hebu alimwomba Shemeji safari moja tu kabla ya mnunuzi kuja. Hakutaka kugusa kitu. Alitaka kupanda na kutazama. Katika lori lile injini ilikaa ndani ya kibini, chumba cha dereva, katikati ya viti, chini ya kifuniko kikubwa cha bati. Ukikiinua, unaiona yote huku gari linatembea. Shemeji alikubali kwa kuchoka, kama mtu anayemruhusu daktari wa mwisho. Tangi likajazwa hadi juu, mfuniko ukafungwa kwa ufunguo. Walipokuwa wanaondoka, mama alitoka amevaa viatu vya safari, ameshika mto wa kukalia.

"Mama, unakwenda wapi?" Shemeji akauliza.

"Kwenye gari la mume wangu. Kuna aliyenikataza?"

Hakuna aliyemkataza. Alikaa dirishani, kwenye mto wake, na Fundi Hebu akapiga magoti kati yao, kichwa karibu na injini, macho kwenye ule mpira unaoonyesha mafuta. Joto lilimpiga usoni. Kelele zilikuwa nyingi hata walisemeshana kwa ishara. Wakapita soko, wakapita kituo cha mafuta, wakatoka kwenye nyumba za mwisho. Dizeli ilipita katika mpira bila kiputo hata kimoja. Hakuna hewa. Basi hewa haikuwa mwizi, au haikuwa mwizi mkuu.

Kisha, kabla injini haijabadilisha sauti, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mpira ulianza kubonyea. Pande zake mbili zilisogeleana polepole, zikaingia ndani kama mashavu ya mtoto anayenyonya chupa iliyoziba. Injini ikasinzia. Mpira ukabonyea zaidi, ukawa bapa. Kobe likajikokota hadi kando ya barabara, likazima.

"Haya," akasema Shemeji, akiachia usukani. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona!" Fundi Hebu alisema kwa furaha ambayo Shemeji aliiona ni ya kichaa. "Mama, hebu tazama hapa. Tazama mpira huu."

Mama mkwe aliinama, akishika kitambaa puani. "Umebonyea."

"Umebonyea. Injini inavuta, na kuna kitu nyuma kinavuta kurudisha. Vinanyang'anyana mafuta. Shemeji, nipe ufunguo wa tangi, na usizungumze."

Alishuka akaenda ubavuni mwa lori. Shemeji akamfuata, na mama akateremka taratibu akisaidiwa. Palikuwa kimya, barabara tupu, majani yamesimama. Fundi Hebu aliingiza ufunguo, akaanza kuzungusha mfuniko.

Fyuuuuu! Tangi lilivuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Bati lake likalia *ting*. Alikimbia kibinini: mpira ulikuwa umejaa, mnene, wa mviringo.

"Sauti hiyo," akamuuliza Shemeji, "ulikuwa unaisikia?"

"Kila nikifungua. Nilidhani ni gesi inatoka."

"Haikuwa inatoka, shemeji. Ilikuwa inaingia. Tangi hili linanyongwa. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo mafuta yanakataa kutoka. Hebu liwashe."

Kobe likawaka mara moja, likanguruma huku mfuniko uko mkononi mwa Fundi Hebu. Na hapo ndipo alipokumbuka: ile siku nzima gerejini, mfuniko ulikuwa juu ya meza.

"Lakini lilitembea miaka yote hiyo likiwa na tangi hili hili," Shemeji alisema. Alikuwa bado anatafuta pa kuushika mkosi wake. "Baba hakupata taabu hii."

Mama alikohoa kidogo. "Baba yako hakulifunga kwa chuma."

Wote wawili wakamgeukia.

"Mfuniko wake ulipotea zamani, hujazaliwa bado. Aliziba kwa kitambaa. Nilikuwa namshonea mimi mwenyewe, kitambaa kinene, na kila kikichakaa namshonea kingine. Nilimwambia ni aibu gari kufungwa tambara kama kidonda. Akasema linapenda hivyo." Akamtazama mwanawe. "Wewe ulipolichukua, ulikwenda kununua huo wa kufuli."

Shemeji aliangalia ule mfuniko, mzuri, unaong'aa, uliofunga kabisa kabisa. Aliununua kuzuia wezi wa dizeli. Aligeuza uso pembeni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi Hebu alidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kile kilimtoka kama kilikuwa kimefungwa kwa kufuli nacho.

Kwa mtu mwingine kazi ingeishia hapo. Toboa mfuniko au weka tambara, twende zetu. Lakini Fundi Hebu alikuwa amekwisha kulala chali chini ya lori, barabarani, kwa sababu tangi lolote lililotengenezwa na watu wenye akili lina kijibomba chake cha kupumulia, na hiki kilikuwa wapi? Alikipapasa juu ya tangi, chembamba kama kalamu, kimekunjwa kuelekea chini ili mvua isiingie. Akatia waya. Haukwenda. Akasukuma. Kikaanguka kiganjani mwake kipande cha udongo mkavu, laini upande mmoja, kama kilichofinyangwa kwa vidole vidogo mno.

Alitoka na vumbi mgongoni, akakivunja taratibu juu ya kifuniko cha injini. Ndani yake mlikuwa na vyumba vidogo vidogo, na katika vyumba hivyo buibui wadogo waliokauka, wamepangwa kama mizigo ghalani.

"Ni nyigu," akasema. "Wale wembamba wa kiuno, wanaojenga kwa udongo. Anatafuta tundu, anataga, anawawekea wanawe chakula, anaziba mlango, anakwenda zake. Huenda alijenga zamani sana. Hakuna aliyejua, kwa sababu tambara la marehemu lilipitisha pumzi."

Mama mkwe alisogea. Kitambaa cha puani alikuwa amekisahau mkononi. Alichukua kijiti akamgeuza buibui mmoja.

"Amewabeba wote hawa mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja."

"Mama kweli huyo," akasema bibi. Kisha akainua macho. "Lakini bado hujatuambia. Kwa nini linazimika likishiba?"

Swali hilo lilimfurahisha Fundi Hebu kuliko kupona kwa lori. Kibinini mlikuwa na chupa ya kioo ya maji ya kunywa. Alimpa mama mkwe, imejaa hadi shingoni. "Ifunike yote kwa midomo, mama, hewa isipite, halafu vuta."

Bibi yule msafi alisimama kando ya barabara, akaifunga chupa kwa midomo, akavuta hadi macho yakamtoka. Maji yakaja tone, yakagoma.

"Sasa mwaga nusu. Vuta tena."

Akavuta. Likaja funda, likaja funda jingine, ndipo yakagoma.

Mama akaitazama chupa. "Ikiwa nusu," akasema polepole, "ndani yake kuna hewa nyingi, na hewa ina subira. Inatanuka. Ikijaa, hakuna hewa ya kusubiri."

"Hakuna hewa ya kusubiri," Fundi Hebu akarudia. Asingeweza kuisema vizuri zaidi.

Wakaenda hadi kiwandani, juu kabisa, tangi limejaa, mfuniko umefungwa kwa ufunguo, kijibomba kinapumua. Mpira haukubonyea. Wakapakia mbao, wakateremka nazo, wakazishusha kwa seremala ambaye alikuwa amekwisha kukata tamaa nazo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika siku iliyofuata alimkuta Shemeji anaosha magurudumu. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na mnunuzi akaondoka na betri moja iliyokufa ili asiende mikono mitupu.

Shemeji hakuwa mtu wa shukrani za maneno. Lakini tangu wakati huo, akikwama, na hata asipokwama, alipita gerejini kwanza, akakaa kwenye benchi na wateja, akawaambia, "Mkihojiwa, jibuni. Msimfiche kitu." Fundi Hebu alikata kipande cha wavu mwembamba wa waya, akakifunga kwenye mdomo wa kile kijibomba, nyigu wengine watafute pa kujenga.

Alikuwa bado anakaza wavu huo, amelala chali chini ya lori uani kwao, alipoona viatu vya safari vimesimama karibu na gurudumu. Kisha likatandikwa gunia safi, goti moja likashuka, la pili likafuata, na mama mkwe akajiingiza chini ya Kobe pole pole, amejifunga leso kubwa kulinda nguo, akalala chali ubavuni mwake.

"Shikamoo, mama," akasema Fundi Hebu, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Nionyeshe. Mafuta yanaanzia wapi?"

"Hapa, mama. Yanatoka kwenye tangi, yanashika bomba hili."

Kidole cha bibi, kikavu na cheupe kwa sabuni, kikaligusa bomba, kikatoka na weusi. Hakukifuta.

"Halafu?"